Mtoto Anameza Dawa na Hajui ni za Nini: Tumwambie au Tunyamaze?

(Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa watoto wanaotumia dawa za ARV, yaliyotolewa katika semina ya siku moja kwenye ukumbi wa parokia. Tumeyaacha karibu jinsi yalivyosemwa.)



Wazazi wapendwa, akina nyanya na shangazi mnaolea watoto wa ndugu zenu, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na ninyi akina baba wachache mliofika (mko wanne, nimewahesabu, karibuni sana). Nimepewa saa moja kabla ya chai, na swali nililopewa ni moja. Mtoto alizaliwa na virusi vya UKIMWI. Anameza dawa kila jioni tangu akiwa mdogo. Ameambiwa ni dawa za kifua, au za kuongeza damu, au za kumpa hamu ya kula. Sasa ana miaka 12. Je, aambiwe ukweli, au aachwe katika raha yake ya kutojua?

Msimamo wangu nausema mapema, ili mtu asikae hapa akiungoja mpaka mwisho. Aambiwe. Aambiwe polepole, na mtu wake mwenyewe, na mapema kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Lakini sitaki mlikubali jambo hili kwa sababu limesemwa na mtu aliyeshika maikrofoni. Ninyi mnaonyamaza mna sababu, na sababu zenu si za kijinga. Acheni tuanze nazo.

SABABU ZA KUNYAMAZA

Ya kwanza ni huruma. Nyanya mmoja niliyekuwa nikimtembelea nyumbani kwake aliniambia hivi: "Huyu mtoto amezika mama, amezika baba. Sasa wewe unataka nimpe la tatu? Mwache acheke hata miaka miwili." Sikumjibu siku ile, na mpaka leo sidhani maneno kama hayo yafaa kujibiwa haraka haraka. Raha ya mtoto asiyejua ni raha ya kweli. Anapocheza mpira wa makaratasi pale nje, hachezi kwa uongo. Mtu anayekuja kumwondolea raha hiyo, awe nesi, awe padre, awe mfanyakazi wa jamii kama mimi, ni lazima aonyeshe ataweka nini mahali pake.

Ya pili ni hofu ya mdomo wa mtoto. Akijua, atasema shuleni. Akisema shuleni, kijiji kitajua. Kijiji kikijua, mboga zangu sokoni hazitanunuliwa na mwenye nyumba atataka nyumba yake. Mimi nilikuwa mtoto wa shule miaka ile, na nakumbuka watu wazima walivyokuwa wakishusha sauti. Ugonjwa huu ulitambuliwa hapa Kenya 1984, na ikachukua mpaka Novemba 1999 Rais Moi kuutangaza kuwa janga la taifa. Hiyo ni miaka 15 ya kunong'ona. Makao ya watoto ya Nyumbani kule Nairobi yalianzishwa 1992 na Padre Angelo D'Agostino kwa ajili ya watoto wenye virusi walioachwa, na bado mpaka 2004 ilibidi mambo yafike mahakamani ndipo watoto wale wakubaliwe katika shule za umma. Wala si mambo ya zamani tu. Februari 2015 ilitoka amri kutoka juu kabisa kwamba zikusanywe habari za watoto wote wa shule wenye virusi, pamoja na walezi wao. Watu walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba amri ile ilivunja haki ya watoto hao ya kutoingiliwa katika mambo yao ya faragha. Kwa hiyo mama akiniambia anaogopa jina la mtoto wake kuandikwa mahali, mimi simwambii anaota.

Ya tatu haisemwi wazi, na ndiyo kubwa kupita hizo mbili. Siri ya mtoto si ya mtoto peke yake. Nikimwambia ana virusi, nimemwambia kwamba mimi mama yake ninavyo pia, au kwamba marehemu mama yake alikuwa navyo. Nikimwambia alizaliwa navyo, swali linalofuata ni moja tu: "Na wewe ulivipata wapi?" Siri ya mtungi aijuaye kata, na mama huyu amekuwa kata kwa miaka 12. Hapa ndipo naona akina mama wengi wanakwama. Wanasema wanamwogopea mtoto, na ni kweli, lakini pia wanamwogopa mtoto. Hilo nitalirudia kabla hatujanywa chai.

JE, NI KWELI HAJUI?

Sasa niwaulize. Tunaposema "mtoto hajui", tunamaanisha nini? Mara nyingi tunamaanisha "sijamwambia". Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Hebu fikirieni anayoyaona mtoto wa miaka 12. Kila baada ya miezi fulani hakwendi shule, anapelekwa hospitali na wala haumwi. Hospitalini hawaingii mlango wanaoingilia watu wengine, wanaingia pale palipoandikwa CCC. Anakuta watu wale wale wamekaa kwenye benchi, wengine wamejifunika leso mpaka machoni. Nyumbani anaona karatasi ya kopo la dawa imebanduliwa kwa ukucha, au dawa zimehamishiwa kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Simu ya mama inalia saa mbili usiku, kila usiku, na wageni wakiwepo mama anaizima upesi na kumwita chumbani. Dada yake hamezi. Binamu yake hamezi. Halafu anakwenda darasani, mwalimu anafundisha juu ya virusi vya UKIMWI, vinavyoambukizwa na dawa za kumeza kila siku bila kukosa, na mtoto amekaa pale anahesabu.

Na siku hizi kuna simu. Jina la dawa liko kwenye kopo, kama halikubanduliwa vizuri. Kaka yake ana simu yenye intaneti. Anaandika jina lile, dakika mbili zimekwisha.

Kijana mmoja aliletwa kwangu akiwa na miaka 14. Alikuwa ameacha dawa. Kipimo kilionyesha virusi vimepanda sana na mama yake hakuelewa, maana kila jioni alikuwa anampa kidonge mkononi na maji ya kunywa. Tulikaa naye mara tatu kabla hajasema neno la maana. Mara ya nne akasema alikuwa anajua tangu akiwa na miaka 11. Alisoma bango lililobandikwa ukutani hospitalini wakati mama yake amekwenda kuchukua dawa dirishani. Bango lile lilikuwa na picha ya kopo kama lake. Nikamwuliza kwa nini hakumwuliza mama. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi kabisa. Akasema, "Mama alikuwa hataki nijue."

Mnaona hapo? Mama anamficha mtoto ili asiumie. Mtoto anamficha mama kwamba anajua, ili mama asiumie. Nyumba yenyewe ni ya vyumba viwili. Miaka mitatu wanakula sahani moja, na kila mmoja amebeba mzigo ule ule peke yake.

Ndiyo maana mimi huona swali tulilopewa halikuulizwa vizuri. Linadhani mtoto yuko kwenye njia panda, huku kujua na maumivu yake, huku kutojua na raha yake. Kwa mtoto mdogo wa miaka minne, sawa, njia hiyo ya pili ipo, apite nayo. Lakini kwa mtoto mkubwa anayeishi na kopo la dawa nyumbani, njia ya kutojua imeshafungwa, sisi ndio hatujaona. Kilichobaki kuchagua ni kama atajua akiwa na mtu wake kando, au atajua akiwa peke yake mbele ya bango.

SIRI MNAYOFICHA NI YA ZAMANI

Kuna jambo la pili kuhusu kijana yule, na hili ndilo lililonisikitisha zaidi. Alichokuwa amejua kilikuwa nusu. Alijua jina la ugonjwa. Alijua watu waliokufa nao, wakiwemo baba yake na mjomba wake. Zaidi ya hapo hakujua. Kwa hiyo alihesabu kwamba na yeye atakufa, labda akifika kidato cha nne, na akaona hakuna haja ya kuendelea kumeza kitu kinachomletea kichefuchefu. Hakuna aliyekuwa amemweleza dawa ile inafanya kazi gani, kwa sababu kuieleza dawa ni kuutaja ugonjwa.

Wapendwa, wengi wenu mnaficha ugonjwa wa miaka ya tisini. Ninyi mlimwona dada yenu amelala mkekani, mliona uzito wa jeneza lake ulivyokuwa mwepesi. Hicho ndicho mnachokiona mkifungua mdomo kumwambia mtoto. Lakini ukweli anaotakiwa kuambiwa leo si huo. Dawa zimekuwa zikitolewa bila malipo katika hospitali za serikali tangu 2006. Watoto wengi sasa wanameza mara moja kwa siku, si gunia la vidonge kama walivyomeza wale wa kwanza. Mtu akizitumia vizuri, virusi hupungua katika damu mpaka mashine haivioni. Havikuisha, vipo vimelala, akiacha dawa vitaamka. Lakini vikikaa hivyo, mtu huyo hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Hayo yamechunguzwa sana na sasa madaktari wanayasema bila kusitasita. Anaweza kuoa, anaweza kuolewa. Na watoto? Bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye virusi, wanaoambukizwa huwa kati ya 15 na 45. Mama akitumia dawa vizuri wakati wa mimba na kunyonyesha, wanapungua mpaka chini ya 5. Kwa hiyo msichana wako wa miaka 12 anaweza siku moja kukuletea mjukuu asiye na virusi.

Hayo yote ni sehemu ya siri. Ukimnyima uchungu wake, umemnyima na hayo. Atakayejua kwa bango au kwa maneno ya watoto wenzake atapata ule ukweli mkali peke yake, huu mwingine hataupata.

Na kuna hesabu ya dawa zenyewe. Mtoto aliyeambiwa dawa ni za kifua, siku moja atajipima mwenyewe: anakimbia mbio, hakohoi, kifua kimepona. Ataacha. Na ana haki ya kuacha, kwa jinsi alivyoelezwa! Akienda shule ya bweni ndiyo kabisa. Nani atamwamsha? Nani atamfichia kopo katika bweni la wavulana 60? Dawa zikimezwa leo na kuachwa kesho, virusi huzoea, na dawa ile haimfai tena. Inabidi atafutiwe nyingine, na zile nyingine si nyingi kama mnavyodhani.

La mapenzi nitalipita upesi kwa sababu najua tuko ukumbi wa kanisa, lakini sitaliruka. Akifika miaka 15 au 16 ataanza kupenda mtu. Tungependa angoje, na tunamfundisha angoje. Wengine hawangoji. Hapo kutojua kwake kumeacha kuwa kwake peke yake, kumeingia nyumba ya mzazi mwingine.

NANI AMWAMBIE, NA LINI

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya watoto 2011. Kwa ufupi unasema mtoto aliyefika umri wa shule aambiwe hali yake, na aliye mdogo zaidi apewe ukweli kidogo kidogo kulingana na akili yake, mpaka afike kwenye jina. Nilipousoma mara ya kwanza niliona ni mapema mno. Baada ya kukaa na watoto kama yule kijana, naona wenye mwongozo walikuwa na sababu.

Kidogo kidogo maana yake nini? Mtoto wa miaka minne au mitano akiuliza, "Mama, hii ni ya nini?" mwambie, "Ni dawa ya kukusaidia usiugue ugue." Ni kweli, na haina jina. Inatosha. Akifika saba, nane, mweleze kwamba katika damu kuna askari wanaolinda mwili, na kuna kitu kidogo sana kisichoonekana kinachopigana na askari hao, na dawa inakilaza. Ila tafadhali msiseme "mdudu". Mtoto mmoja aliambiwa ana wadudu kwenye damu akawa hataki kulala, anajikuna usiku kucha anawatafuta. Watoto wanatusikia neno kwa neno. Kuanzia hapo mpaka miaka kumi hivi, jina nalo lije. Asifike darasa linalofundisha habari za UKIMWI kabla hujafika wewe.

Ambacho sitaki ni ile "ni ya kifua". Hiyo ni deni. Siku ya kumwambia ukweli utaanza kwanza kulipa deni la uongo, na mtoto atatumia nusu ya machozi yake kwa ugonjwa na nusu kwa wewe uliyemdanganya.

Nani? Wewe unayemlea. Si mwalimu, si katekista, si mimi. Mimi nitakaa pembeni, nitakushika mkono, nesi atajibu yale ya dawa, lakini sauti iwe yako. Kama unaona nyumbani kuna masikio mengi, mje kliniki, mtapewa chumba. Wala isiwe siku ya matanga, au jioni ya kabla ya mtihani, au siku mmegombana.

Nisimame hapo kwenye kugombana. Watoto wengi niliokutana nao hawakuambiwa, walitupiwa. Shangazi kakasirika kwa sababu sufuria imeungua, akasema, "Nenda huko na ugonjwa wa mama yako!" Basi. Ndivyo mtoto alivyojua. Kwa hiyo unapoapa kwamba umeificha siri, hebu hesabu wanaoijua. Wewe. Dada yako. Mke wa mjomba. Yule jirani aliyekupeleka hospitali. Watu wanne wanajua habari za damu ya mtoto, na mtoto mwenyewe ndiye wa tano. Siri ni yake, na amewekwa mwisho wa foleni.

Kuna mzee mmoja asubuhi ameniuliza mlangoni, "Mbona sisi wazee mnatuambia hatulazimishwi kupimwa, na mtoto mnataka alazimishwe kujua?" Swali zuri sana. Sheria ya UKIMWI ya 2006 inakataza kweli kumlazimisha mtu kupimwa, na inalinda majibu yake. Hata kile kifungu cha 24 kilichomtaka mwenye virusi awaambie wale anaokutana nao kimwili, Mahakama Kuu ilikifuta 2015, ikasema hakieleweki vizuri na kinagusa faragha ya mtu. Mimi nikimkuta mtu mzima amesema hataki kujua, nitamsihi, nitarudi kesho kumsihi tena, lakini sitamburuta. Amepima mambo yake akachagua. Mtoto hakuchagua kutojua, mzee wangu. Tumemchagulia sisi, na kidonge bado tunamtilia mdomoni.

BAADA YA KUMWAMBIA

Sitawadanganya kwamba akijua atafurahi. Watu wa kanisa tunapenda sana ule mstari wa Yohana juu ya ukweli na uhuru. Naupenda na mimi, lakini haukutaja wiki ya kwanza.

Wengine hawasemi kitu, wanauliza kama wanaweza kwenda kucheza. Msidhani hawakusikia. Wengine wanasema, "Nilijua," na mama anabaki mdomo wazi. Msichana mmoja alikataa dawa karibu miezi miwili na hakumsemesha mama yake, akila anakula mlangoni amempa mgongo. Ilikuwa vibaya, na mama yule alikuja kwangu akasema afadhali tungenyamaza. Nilimwelewa. Kilichomrudisha msichana si mahubiri yangu. Ni kikundi cha vijana pale kliniki, aliposikia msichana mwenzake aliyemzidi miaka miwili akilalamika juu ya kidonge kile kile na kucheka. Hajawa malaika, bado anamjibu mama yake vibaya, kama watoto wote wa rika lake. Lakini anameza dawa zake mwenyewe, na anajua ni za nini.

Kwa hiyo mkishamwambia, msimpe nyumba nyingine. Ugali ni ule ule, kuosha vyombo ni zamu yake ile ile. Usimwuangalie kama yai. Baada ya siku chache mwulize, "Lile jambo tulilosema, unalifikiriaje?" Akisema, "Hakuna," mwache. Wiki ijayo mwulize tena, mkiwa mnachambua mboga, macho yenu yakiwa kwenye mboga. Watoto wanasema vizuri zaidi wasipotazamwa usoni.

Na ule mdomo wake mnaouogopa? Mfundisheni tofauti. Kuna siri ya aibu na kuna jambo la faragha. Sote hapa tunakwenda msalani na hakuna anayetangaza njiani, wala hakuna anayeona aibu kwamba ana tumbo. Mwambieni: "Hili ni jambo lako. Hukufanya kosa. Wewe ndiwe utakayechagua wa kumwambia, na kabla hujamwambia mtu tuongee kwanza." Muandike pamoja majina ya watu anaoweza kuongea nao bila kuogopa. Wakiwa wawili, ni wengi. Mtoto aliyeambiwa hivyo huwa na mdomo mzito kuliko wetu, niwaambie ukweli. Anayeropoka mara nyingi ni yule aliyeokota habari na hana wa kumwuliza, basi anamwuliza kila mtu.

SWALI LA MAMA

Nilisema nitarudi kwenye lile zito. "Na wewe ulivipata wapi?"

Kwanza, si lazima umweleze mtoto wa miaka 12 ndoa yako yote. Kumnyima habari na kumdanganya havifanani. Unaweza kusema, "Hayo ni mambo yangu na baba yako, nitakueleza ukikua." Hilo ni jibu la heshima, na mtoto anaweza kungoja nalo. Usimtwike marehemu lawama. Hata kama unajua, na hata kama kijiji kizima kinajua. Nusu ya mtoto huyo ni baba yake, ukimpaka baba matope yatamfikia na yeye.

Wengi wenu mnaweza kusema kwa ukweli kabisa, "Sikujua kama ninavyo. Nilijua ulipoanza kuugua." Semeni hivyo. Ongezeni, "Tangu siku niliyojua, sijakosa hata siku moja kukupa dawa." Kama mmekosa siku moja mbili, msiseme hivyo.

Lakini kuna mama mmoja amenishika mkono kabla hatujaanza, na nimemwomba ruhusa niliseme bila kuonyesha alipokaa. Ameniambia: "Mimi nilijua. Walinipima kliniki ya wajawazito. Walinipa dawa. Niliogopa mume wangu akiziona atanifukuza, nikazitupa chooni. Sasa huyu akiniuliza nitamwambia nini?"

Mama, sitakwambia ni jambo dogo. Najua pia ulikuwa na nani ndani ya nyumba ile, na ungefukuzwa kweli. Ushauri wangu ni huu. Si lazima liwe siku ya kwanza, wala mwaka wa kwanza. Lakini lisije kutoka kwa wifi yako. Akifika umri wa kuuliza mara ya pili na ya tatu, umwambie wewe, kwa maneno machache. "Nilikuwa nimeambiwa. Niliogopa. Nilitupa dawa. Ilikuwa vibaya na wewe ndiwe uliyeumia." Halafu unyamaze. Usimpe historia ndefu ya mateso yako jioni ile, hata kama ni ya kweli, maana ataona ni lazima akuhurumie kabla hajajihurumia mwenyewe. Na usimwombe akusamehe papo hapo. Akitaka kutoka nje, mfungulie mlango na usilale mpaka arudi. Ukinitaka nikae kwenye ngazi pale nje wakati huo, nitakuja.

Sasa saa imekwisha na naona akina mama wa jikoni wananionyesha birika. Baada ya chai tutakaa watatu watatu. Mmoja atakuwa mzazi, mmoja mtoto, mmoja atasikiliza tu. Anayekuwa mtoto aulize kama mtoto, asimwonee huruma mwenzake. Akina baba, msikae wanne kwenye kundi moja, mtapiga siasa. Neno lenyewe, "virusi vya UKIMWI", kila mtu alitamke kwa sauti angalau mara tano, mpaka mdomo uzoee. Nesi wetu atapita kwenye makundi kujibu maswali ya dawa, na wale wenye watoto waliovuka miaka kumi watuone mimi na yeye kabla ya kupanda matatu, tupange tarehe.